Kikundi cha Kunirudishia Macho

Bajaji ilikuwa inatoka Kange kuja mjini, nyuma tumebanana watatu. Simu ikalia mfuko wa shati. Nikaigonga mara mbili kwa kidole kama nilivyozoea siku hizi, nikaisogeza sikioni. Kumbe mwanangu alikuwa ameiongeza sauti asubuhi na hakunambia.

Basi ile sauti ya simu, isiyojua siri ni kitu gani, ikaanza kusoma: "Tumrudishie Nuru. Orodha mpya ya michango. Shangazi wa Pangani, elfu ishirini. Baba mdogo, elfu hamsini. Jirani wa duka la vitambaa, elfu kumi. Asiyetaka kutajwa, laki moja."

Nikahangaika kuizima. Abiria wa kulia kwangu alikuwa ameshasikia ya kutosha.

"Mna mgonjwa wa macho?"

"Tunaye."

"Poleni sana. Mwambieni asikate tamaa, siku hizi India wanafanya maajabu."

"Nitamwambia."

Nilimtazama usoni wakati namjibu, akaridhika. Tuliposhuka akashika njia yake, mimi nikabaki napapasa kwa mguu kutafuta ukingo wa barabara.

Nimekaa na mazungumzo hayo wiki nyingi. Kile kikundi cha WhatsApp kilifunguliwa kwa ajili yangu, na kila mtu anaulizwa humo, hata abiria wa bajaji ametoa rai yake. Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa.

## Kipofu wa saa ngapi

Jicho langu la kushoto lina nusu ya juu tu. Kuanzia katikati kwenda chini hakuna kitu. Usidhani ni kiza; kiza nacho ni kitu unachokiona. Hakuna, basi. La kulia limebakiza ukungu na mwanga kidogo wa pembeni.

Kwa hiyo ukisimama mbele yangu nauona uso wako, kofia yako na nyaya za umeme nyuma yako. Mikono yako siioni mpaka niinamishe kichwa. Sahani ya wali naipata kwa harufu kwanza.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umweke Ngamiani, hapa Tanga. Mitaro iko wazi. Mawe ya kuwekea meza za biashara, ndoo, mbuzi wa watu, watoto wanaocheza. Na baiskeli! Sisi ndio mji wa baiskeli, na baiskeli haina mlio mpaka imeshakugonga. Karibu kila kinachoumiza katika mji huu kiko chini ya kiuno.

Namwamkia mtu shikamoo, tena kwa jina lake, kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha navuka kwenda kumpa mkono, naingia mtaroni. Utaelewa kwa nini wako wanaosema najifanya. Mzee mmoja wa barazani aliuliza mbele yangu, "Huyu ni kipofu wa saa ngapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lilikuwa swali zuri.

Maana macho yenyewe hayana kasoro. Pameupe pameupe, peusi peusi. Mke wangu husema ni mazuri kuliko alipoolewa nayo.

Nashukuru tu kwamba barabara zetu za Ngamiani zina namba. Aliyezipanga hakuwa na habari nami, lakini anayehesabu vizuri hapotei hapa.

## Alfajiri

Nililala mzima.

Nikaamka na adhana, nikaenda kutia udhu. Kila nilipofumba jicho la kushoto, lililokuwa bado zima wakati huo, kulitia maji, chini ya bomba kukawa hakuna mikono. Nikilifumbua, mikono inarudi. Nikarudia, kama anayetaka kuhakikisha. Kisha nikaenda kuswali, kwa sababu sikuwa na maumivu hata chembe, na kisichouma huku kwetu hakipelekwi hospitali.

Duka la dawa nikapewa matone. Aliyeniuzia hakulitazama jicho, alitazama noti. Noti yenyewe ilikuwa ya elfu kumi, na nilipofumba la kushoto wekundu wake wote ukawa umekwenda. Ningeapa ni elfu mbili. Hiyo nayo nikaipita. Rangi nyekundu, nimekuja kuambiwa baadaye, ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuharibika mshipa wa fahamu wa jicho ukiumia.

Daktari niliyempata baadaye, nilipopewa rufaa kwenda Moshi, hakuanza na mashine. Alichukua tochi ndogo akawa anaihamisha, jicho hili, jicho lile, hili, lile. Mboni ya jicho la kushoto ilinywea ilipopigwa mwanga, kama inavyotakiwa. Mwanga ukihamia la kulia, mboni ikatanuka. Akamwita mwanafunzi wake aje aone. Mimi ndiye sikuweza kuiona, lakini nilifurahi, Mungu anisamehe. Ulikuwa ushahidi wa kwanza kwamba sisemi uongo.

Kisha maswali. Una kisukari? Ninacho. Presha? Ninayo. Unakoroma usiku? Muulize mama watoto. Ukitafuna, taya zinauma? Kichwa je, ukichana nywele? Hayo mawili aliyauliza kwa uzito, na damu akaitaka siku ileile, kwa kuwa upo ugonjwa wa mishipa ya damu kwa watu waliovuka miaka 50 ambao jicho la pili linaweza kufuata ndani ya siku chache usipowahishwa dawa. Haukuwa huo. Lakini ni kwa ajili ya huo ndiyo nasema kila ninapopata nafasi: jicho likizima ghafla, hata bila maumivu, nenda siku hiyohiyo, matone acha dukani.

Akauliza na lingine, akishusha sauti: natumia dawa za nguvu za kiume? Nikacheka, yeye hakucheka. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha onyo la upofu wa ghafla liandikwe kwenye dawa hizo, ingawa haikuthibitika kwamba zenyewe ndizo zinazousababisha. Wanaume wenzangu mnaonunua vidonge kwa kunong'ona, mlisikie hilo.

Alichonieleza ni kwamba damu inayolisha kichwa cha mshipa wa jicho ilipungua, mara nyingi hutokea mtu akiwa usingizini. Mshipa ukavimba. Na kwa kuwa unapita kwenye tundu jembamba, wengine tumezaliwa na tundu jembamba zaidi, ukajibana wenyewe ukafa sehemu. Vidonge vya presha nilivyokuwa nikinywa usiku akavihamishia asubuhi, huenda ikasaidia.

Nikamuuliza kuhusu jicho la pili. Akasema kati ya wagonjwa 100 wa namna yangu, kama 15 hupatwa na la pili ndani ya miaka 5.

Nilirudi Tanga nikijiliwaza kwa wale 85.

Mwaka haujaisha, la kushoto likafuata.

## Nyuzi

Mie ni muuza vifaa vya ujenzi. Nondo, misumari, mabati, kamba. Kamba ya katani nimeipima kwa mita tangu ujana wangu, na kwa mtu wa Tanga hakuna mfano mwepesi zaidi ya huo: mshipa wa jicho ni kamba ya nyuzi zaidi ya milioni 1, unene wake milimita chache, urefu wake sentimita kama 5, kutoka nyuma ya jicho kwenda ubongoni. Kamba ya dukani ikiliwa na panya nakata, nafunga fundo, nauza. Hii haifungwi fundo. Mshipa wa fahamu wa kidole ukikatika unaweza kuchipua tena polepole. Huu wa jicho ni tawi la ubongo, na nyuzi zake zikifa hazioti.

Ndiyo maana swali la "si wanatoa mtoto wa jicho kwa nusu saa?" linanichosha. Mtoto wa jicho yuko mbele, kwenye lenzi. Miwani iko mbele. Hata ile kupandikiziwa kioo cha jicho cha marehemu, ni mambo ya mbele. Huko mbele kwangu hakuna kasoro.

Nimeyaeleza haya barazani, kwenye arusi, msibani, hata kwa dereva wa bodaboda. Watu hutikisa kichwa, husema "Allah Karimu", kisha huuliza kama nimejaribu asali.

## Yaliyoletwa kikundini

Mdogo wangu ndiye aliyekifungua kikundi, na ndiye mweka hazina. Ni mtu wa vitendo. Alisikia nimejikwaa dukani nikapasua paji la uso, kufika jioni wajumbe walishakuwa wengi kuliko walionijia arusini.

Mwanawe, kijana wa chuo, akaleta video: Marekani wamepandikiza jicho zima! Shangazi akaleta sauti ya kushukuru, wengine wakaweka mikono ya dua. Nadhani mimi peke yangu niliisikiliza hadi mwisho. Ni habari ya kweli. Mei 2023, madaktari wa hospitali ya NYU Langone jijini New York walimpandikizia fundi wa nyaya za umeme, Aaron James, sehemu ya uso pamoja na jicho la kushoto, baada ya ajali ya umeme. Jicho lile limeishi. Damu inapita ndani yake, rangi yake nzuri. Halioni.

Kijana akanipigia usiku. "Baba mkubwa, mimi nina macho mawili. Moja nakupa."

Hakuwa anatania. Nilimshukuru nikamwambia alale. Ningemwambia nini? Kwamba nikilipokea, tutakuwa na macho manne mazuri katika ukoo na jipya halitaona chochote?

Kisha likaja la seli shina, yaani chembe changa za mwili zinazosemwa zitaotesha upya kilichokufa. Dalali mmoja alimtumia mdogo wangu bei ya kliniki ya nje, kwa dola, pamoja na tiketi na hoteli. Nikaomba aulizwe jambo moja: wagonjwa wenye ugonjwa wangu waliotoka hapo wanaona ni wangapi kati ya wangapi? Jibu lilikuwa picha ya jengo. Nikasomewa kwamba lina vioo vingi.

Mtu mwingine akapendekeza upasuaji wa kuulegeza mshipa. Huo angalau una historia. Marekani waliujaribu kwa wagonjwa kama mimi, wengine wakapasuliwa, wengine wakaangaliwa tu, na ikabidi jaribio lisimamishwe. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: baada ya miezi 6, waliopasuliwa karibu 24 kati ya 100 walikuwa wameharibikiwa zaidi, walioachwa, 12. Na hao walioachwa, karibu 43 kati ya 100 wakawa wanasoma mistari mitatu zaidi kwenye ubao wa herufi, bila kuguswa na mtu.

Hiyo 43 ilininyima usingizi kuliko dola za kliniki. Mtu aliyekwisha kubali haulizi tena. Mie kila asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, nilikuwa nafumba jicho la kulia natazama dirisha. Je, nondo ya tatu ya dirisha imeonekana? Miezi sita ikapita. Ya tatu haikuonekana, na nafanya hivyo mpaka leo.

## Kombe

Kuna jambo nililimwambia mke wangu tu, likamfikia mama.

Jioni, kwenye ile sehemu isiyo na kitu, huanza kutokea maua. Maua ya kanga hasa, mekundu na meusi, yanajipanga ukutani yanatembea. Siku nyingine ni wavu. Mara moja walipita watu wadogo wenye vilemba, hawakunitazama.

Mwaka 1760 mwanazuoni wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, aliyekuwa na akili timamu na macho mabovu, akiona watu, ndege na majengo yasiyokuwapo. Ubongo uliozoea kuletewa picha, usipoletewa, hujichorea. Hali hiyo sasa inaitwa kwa jina la huyo mjukuu. Si kichaa, na anayeona maua hayo anajua si ya kweli.

Nenda kamwambie mama yangu hivyo.

"Mwanangu, hao wa vilemba wamekusemesha?"

"Hawajanisemesha, mama."

"Alhamdulillah. Usiwajibu wakikusemesha."

Kesho yake maalim akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa, nikaletewa kombe kwenye kikombe. Nilikinywa. Nitakinywa tena. Matone ya majani aliyotaka kunitia jichoni niliyakataa katakata, akanuna siku mbili. Dawa za kienyeji za kutia jichoni zimewatoboa watu vioo vya macho ambavyo vilikuwa vizima.

Najua kuna msomaji atakayeona nimekuwa mnafiki, nakataa kliniki ya dola halafu nakunywa kombe. Kombe halijaniahidi mshipa. Na mama hakumwomba mtu fedha.

## Macho ya chini

Kuna mwalimu mstaafu asiyeona tangu utotoni, alisoma Irente kule Lushoto, anakaa si mbali na dukani. Nilimkwepa muda mrefu. Kwenda kwake kulikuwa ni kama kutia saini.

Alipojua nimekuja alicheka sana. "Nusu mtu! Karibu." Akaniuliza ninachoona, nikamweleza. Akaniuliza nisichoona, nikamweleza. Akasema, "Basi una macho ya juu. Unahitaji ya chini tu." Akanitia fimbo mkononi.

Fimbo nyeupe ina ufundi wake. Ukipeleka mguu wa kulia mbele, ncha iguse kushoto, pale mguu wa kushoto unapokwenda kutua. Kisha kinyume chake. Mkono ukae katikati ya tumbo, kiwiko kisitembee. Mimi niliyepima nondo maisha yangu yote kwa vidole, kumi, kumi na mbili, kumi na sita, bila kutazama, nilijiona mtoto. Tuliuendea mtaro wa mbele ya nyumba yake. Ncha ikazama, nikasimama.

Nilisimama pale muda. Mwalimu akauliza kama nimeona gari.

Mafunzo hayo, fimbo nzuri inayokunjika, vipimo vya sukari vya kila wiki, kijana wa kunisomea risiti dukani: jumla yake haifiki hata tiketi ya ndege. Lakini jaribu kufungua kikundi uombe mchango wa fimbo. Sisi watu wa pwani, na sidhani ni sisi peke yetu, huchangia safari: ya arusi, ya kaburini, ya matibabu. Mchango wa mtu kubaki alivyo hauna kadi. Ukiutaka, umekubali msiba kabla ya wenzio.

Nilimwambia mke wangu kwamba nitaikataa ile fedha. Akanyamaza, kisha akauliza, "Unaikataa kwa sababu dawa hakuna, au kwa sababu hutaki kuwa na deni la watu?"

Sijampa jibu hadi leo.

## Ujumbe wa sauti

Nilirekodi usiku, watoto wamelala. Nikawashukuru kwa majina, nikawaeleza habari ya mshipa, nikawaambia kliniki siendi na kwa nini. Nikasema anayetaka chake arudishiwe bila lawama, na anayeridhia kikae, kitanunua fimbo na kulipa mwalimu. Mwisho nikasema: kisukari na presha si vyangu peke yangu, baba alikuwa navyo, na katika kikundi hiki wako walio na umri wangu na tumbo langu ambao hawajapima. Fedha ya kwanza itoke hapo.

Kimya kikatanda mpaka mchana.

Shangazi akavunja: "Baba, elfu ishirini nilikupa wewe, sikuipa ndege. Nunua." Asiyetaka kutajwa akaomba laki yake, kwa hiyo sasa tunamjua. Baba mdogo akatoka kikundini, akarudishwa, akatoka tena. Kijana wa chuo akanitumia maneno mawili, "Sawa, baba mkubwa," na kwa sauti ile ya simu huwezi kujua mtu ameyaandika akiwa na hali gani.

Mdogo wangu ndiye aliyekuja mwenyewe, na hasira zake. Akasema nimemwaibisha, ameomba watu kwa jina langu, ameomba hata bosi wake. Ana haki, sikubishana. Akasema pia kwamba nimekata tamaa. Hapo nilibishana sana, mpaka majirani wakapunguza redio.

Alipopoa nikamwambia twende tukapime sukari, ni hapo tu, vijana wana kile kipimo cha tone la damu.

"Kaka, mimi sina dalili yoyote."

Nikamwambia hata mimi sikuwa nayo.

Akasema atakwenda mwisho wa mwezi, akishafunga hesabu za watu. Mwezi umekwisha, hesabu anasema bado. Jumatatu nampitia kazini kwake asubuhi kabla hajanywa chai, na nimeshamwambia mkewe.